Jiwe la Kukazia Nyavu

Jirani yetu Seline huanika omena, wale dagaa wa ziwani, pale ufuoni Dunga, na hapiti jiwe bapa bila kuliokota. Msimlaumu. Upepo wa ziwa ukivuma, nyavu za kuanikia hukunjika na samaki wakajaa mchanga, kwa hiyo jiwe zuri la kukazia ni mali.

Basi Agosti iliyopita kwaya yake ya kanisa ilizuru jangwa la Chalbi. Mwongozaji, mzee wa huko, aliwaambia mambo mawili tu.

"Kanyageni tu penye nimekanyaga. Ardhi hii haisahau mguu. Na msibebe kitu."

Wanakwaya wengine wakafuatana kama watoto wa shule. Seline akaona rundo la mawe bapa, hatua ishirini kando. Akajiambia jangwa halina mwenyewe. Ukoko mweupe wa chumvi ukavunjika chini ya viatu vyake vya mpira, vyenye alama za nyota kwenye soli. Akatwaa jiwe moja la juu, akalitia mkobani.

Siku ya tatu baada ya kurudi, aliukuta mtungi wake wa maji mtupu. Akaujaza. Kufika adhuhuri ulikuwa umekauka, na kifuniko kiko juu yake. Ukingoni palikuwa na alama nyeupe ya midomo. Akagusa, akalamba kidole. Chumvi.

Seline alijua ni lile jiwe. Kwa aibu, hata kanisani hakuimba. Mwishowe alimpelekea jiwe Wafula, dereva wao wa safari ile, aliyekuwa akirudi kule na kikundi kingine, akamweleza alikolitwaa.

"Hilo rundo lilikuwa kaburi?" Wafula alinong'ona.

"Sikuuliza. Makosa ni yangu, baba. Lirudishe tu."

Juma lililofuata simu ililia akigeuza omena, jua likiwaka.

"Mama, jiwe nimerudisha. Lakini nyayo zako bado ziko. Zile za nyota."

"Na?"

"Ndani ya kila unyayo kuna alama ya mguu bila kiatu. Mtu amekanyaga tu penye ulikanyaga. Zinaenda mpaka barabarani. Za kurudi sioni."

Seline aligeuka polepole.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na tope lilikuwa limeshika nyayo zake zote, tangu mlangoni hadi kwenye nyavu. Nyota za viatu vyake hazikuonekana. Ndani ya kila unyayo wake mlikuwa na alama za vidole vitano, nyeupe.

Wa mwisho ulikuwa nyuma ya kisigino chake. Maji yalikuwa bado yanauingia.