Broka wa Tatu

Haya yalimpata Wahu, mwenzangu wa kwaya huko Kitale, na ndiyo maana siku hizi hakubali mlango wowote ufungwe nyuma yake.

Alikuwa akitafuta broka wa kuuza nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, Bramwel, mtu wa Bumula aliyechanganya r na l mpaka Wahu akamcheka miaka yote ya ndoa yao. Broka wawili wa kwanza hawakumpendeza. Mmoja alisifu kila kitu, hata choo. Mwingine alikanyaga zulia na matope. Basi akaamua kumpa kazi wa tatu, Gathii, aliyeahidi kufika saa tisa mchana.

Kabla hajafika, mvua ilianza na stima ikapotea, taa zikazimika. Wahu, aliyekuwa peke yake nyumbani, aliingia stoo isiyo na dirisha kutafuta hati ya ploti. Mlango ukajifunga. Kisha akasikia komeo la nje likisukumwa, polepole, mpaka mwisho.

"Nani huyo?"

Gizani humo hata mkono wake hakuuona.

Mlango wa mbele ukabishwa. Wahu akapiga mayowe, akagonga mbao, lakini mvua juu ya mabati ilimeza yote. Halafu ikakatika ghafla. Akataka kuita tena, akajiziba mdomo kwa kiganja asikilize. Hatua za miguu zikaondoka hapo mlangoni pa stoo, zikaenda kufungua.

"Habari, mzee," Gathii akasema. "Mimi ndiye yule broka. Mama yuko?"

"Kalibu, bana," akajibiwa. "Mama amerara."