Dume la Kisimani

Siku ile nilitoka Marikiti na kikapu cha ndimu na tangawizi, nikapita Ndia Kuu mbio mbio kwa sababu adhana ya Magharibi ilikuwa karibu, na mvua ilikuwa inanukia. Nilipofika kwetu nikamkuta mtu ameketi barazani, mkoba wa ngozi mapajani, ametulia utadhani nyumba ni yake.

Daktari Muhdhar.

Mtu huyu nilimchukia. Nasema mapema, msomaji asije akadhani nasimulia kwa huruma. Miaka miwili nilimwombea mabaya kila nilipokuwa nikisugua sufuria, na sasa amenijia mwenyewe kwa miguu yake.

"Masalkheri, Bi Hanin."

"Masalkheri. Wataka nini?"

"Kisima," akasema. "Nipe nusu saa tu."

Baba yangu, Mzee Taib, alikuwa fundi saa. Duka letu liko chini ya nyumba, na nyuma ya duka, chini ya ngazi, kuna kisima cha zamani ambacho hakuna anayekumbuka kilichimbwa na nani. Kwa lenzi ile ile aliyotazamia vigurudumu vya saa, Baba alitazama maji ya kisima hicho miaka thelathini. Alifunga mfuko wa kitambaa chembamba cha melimeli kwenye kamba, akaufunga na chubwi ili uzame, akauteremsha. Alichokipata alikitia kwenye kichupa cha spiriti pamoja na lebo aliyoiandika kwa penseli, maana wino huyeyuka na penseli hudumu. Mahali, siku, na jina la mkusanyaji. Lebo hukaa ndani ya kichupa, haitolewi. Alinifundisha hivyo tangu nikiwa na miaka saba: ukimtenga mdudu na lebo yake, umemuua mara ya pili.

Mwaka mmoja alimpata kijidudu wa ukoo wa kamba wale wa baharini, mdogo kuliko punje ya mchele. Hana macho. Hana rangi, hata utumbo wake unaonekana. Hukimbia mwanga. Baba alihisi ni kitu kigeni, akampelekea Daktari Muhdhar, msomi wa wadudu, akiwa amekivika kile kichupa leso safi kama posa.

Muhdhar aliitoa lebo. Akaandika yake.

Makala ilipotoka, Baba alinitaka nimsomee. Nikasoma: mdudu mpya kabisa katika pwani yetu, amegunduliwa na Muhdhar, amepewa jina na Muhdhar. Baba akasema nisome tena, huenda nimeruka mstari. Nikasoma mara tatu. Jina la Taib halikuwamo hata kwenye shukrani. Alivua miwani akaifuta, akaifuta, akaifuta. Hakuteremsha tena mfuko kisimani, na miezi minane baadaye tulimzika.

Basi huyo ndiye aliyekuwa barazani.

Nilimkaribisha ndani kwa sababu nilitaka kujua kilichomleta. Kumbe alikuwa amebanwa. Kile kielelezo cha kwanza alikiacha kwenye kichupa kisichozibwa vizuri, spiriti ikakauka, mdudu akawa vumbi. Wenzake wa ng'ambo walikuwa wamemwandikia: maelezo yako ni mafupi, umeeleza jike peke yake, na hata huyo jike hayupo. Mweleze upya, kwa kielelezo kipya kutoka kisima kile kile, na dume awepo. La sivyo jina ulilompa litafutwa.

"Nahitaji dume," akasema. "Mmoja tu."

Nikaweka kikapu chini. Nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi yangu.

"Andika kwamba aliyempata ni Taib bin Ishaq, fundi saa wa Mombasa. Andika hapa, sasa hivi, nikuone. Kisha kisima ni chako mpaka asubuhi."

Akacheka. Alikuwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilichopinda nje, alichokivunja akicheza mpira shuleni, na alipocheka alikuwa na tabia ya kujikuna kidevu kwa kidole hicho.

"Bi Hanin, mzee alikuwa mkono tu. Mkono hauandikwi."

Hapo roho yangu ilitulia kabisa. Nilikwisha kuamua.

"Haya," nikasema. "Lakini kisima hiki kina desturi yake."

Desturi yenyewe ilikuwa ya nyanya yangu, naye aliipokea kwa waliomtangulia. Kisima kina wenyewe. Anayeteka baada ya Alasiri husema kwanza mahali, na siku, na jina lake. Baba aliifuata kila jioni, na mimi nikidhani ndiko alikojifunzia kuandika lebo. Lakini kulikuwa na nusu ya pili, ambayo nyanya aliisema kwa sauti ya chini: ukikidanganya jina, hakikupi kitu. Kinakuandika wewe.

Nusu hiyo sikumwambia.

Nilimwambia hivi: "Ukiulizwa aliyemwona wa kwanza, sema ni wewe. Sema kwa sauti."

"Niulizwe na nani?"

"Ni maneno ya kizamani tu, Daktari."

Tukapita dukani. Saa zilikuwa ukutani na mezani, arubaini na kitu, zote zikigonga kila moja kwa mwendo wake. Mimi nimezaliwa ndani ya sauti hiyo, siisikii tena. Adhana ilikuwa imekwisha na watu wameingia msikitini, uchochoro mtupu. Chini ya ngazi giza lilikuwa limeshatangulia. Muhdhar akawasha tochi ya simu, akateremsha mfuko wa Baba kwa kamba ya Baba. Maji yako mbali. Tulisikia chubwi ikigusa.

Tup.

"Mombasa," akasema, akitabasamu kama anayemridhisha mtoto. "Mji wa Kale. Kisimani kwa Mzee Taib. Leo Alhamisi."

Jina hakulitaja. Nami sikumkumbusha.

Kisha nikasikia kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia maisha yangu yote...

Saa zilinyamaza.

Zote. Pamoja.

Harufu ya spiriti ikapanda kutoka kisimani, kali, harufu ya mikono ya Baba alipokuwa akinifunga vifungo vya gauni la madrasa. Machozi yakanitoka kabla sijajua nalia.

Sauti ikatoka chini. Ndogo. Kavu. Sauti ya mtu anayesoma maandishi ya penseli yaliyofifia.

"Mkusanyaji...?"

Muhdhar akageuka. "Umesema nini?"

"Mimi sijasema kitu."

"Mkusanyaji...?"

Ningeweza kumzuia. Neno moja tu. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na kinywa ninacho, na siku nyingine huwa hakifungi. Nikamkumbuka Baba akifuta miwani.

Muhdhar akainama juu ya kisima, akakohoa, akatoa sauti ya mhadhara.

"Muhdhar. Mimi ndiye niliyemwona wa kwanza."

Kamba ikakaza.

Si kama ilikwama. Ilivutwa, polepole, na mtu asiye na haraka. Muhdhar akaishika kwa mikono miwili, akavuta, miguu ikiteleza kwenye sakafu, kisha ikaachiliwa ghafla na mfuko ukaja juu. Akautia mkono wa kushoto ndani apapase.

"Aah! Kimeniuma!"

"Hawana meno ya kumuuma mtu," nikasema. "Uliandika mwenyewe."

Akamulika kwa tochi. Mfuko ulikuwa mtupu, hata mchanga haukuwamo. Kwenye kile kidole kilichopinda kulikuwa na tundu dogo jeupe, halitoi damu. Alikitia mdomoni akakifyonza, akachukua mkoba wake, akasema atarudi kesho na mtego wa maana. Alipopita dukani alifumba macho kukwepa mwanga wa taa, akajigonga kwenye meza.

Mlango ulipofungwa, saa zikaanza tena kugonga. Zote zilikuwa zimechelewa kwa dakika tisa.

Nilikula vizuri usiku ule. Nikalala vizuri zaidi.

Siku ya tatu simu ikalia asubuhi. Ilikuwa Rahaf, mke wake. Tulisoma madrasa moja mimi na yeye, na hajawahi kunikosea. Wanakaa Tudor, ghorofa ya pili.

"Hanin, dada yangu, Muhdhar alikuja kwenu Alhamisi?"

"Alikuja."

"Alifanya nini huko?" Alikuwa ananong'ona. "Yuko bafuni tangu juzi. Yuwakaa ndani ya beseni la maji, hataki kutoka. Taa hataki. Nikifungua mlango yuwajikunja pembeni, yuwakimbia mwangaza. Na mato yake, Hanin... meupe. Meupe pe, hayana mboni. Daktari wa hospitali amekuja, asema hajaona ugonjwa huu. Na ngozi..."

Mimi nilikuwa nayajua maneno yaliyofuata. Niliyasoma mara tatu kwa sauti mbele ya baba yangu, katika ile makala.

"Ngozi waona ndani," nikasema.

Rahaf akaacha kunong'ona. "Umejuaje?"

Nilitaka kufurahi, na kweli nilifurahi kidogo. Lakini nyuma ya sauti yake nilisikia maji yakichezwa bafuni, na mtoto akiuliza kama baba atatoka leo.

Nikakata simu, nikaenda kwenye kabati la Baba. Ufunguo nauvaa mimi shingoni na hauvuliwi. Vichupa vimepangwa kwa namba, na cha mwisho ni mia mbili na kumi na moja. Nilivipanga mwenyewe, wiki aliyokufa.

Kulikuwa na cha mia mbili na kumi na mbili.

Kimezibwa vizuri. Spiriti imejaa mpaka shingoni.

Nikakiweka chini ya lenzi. Ndani mlikuwa na kijidudu mmoja, mweupe, hana macho, na makucha ya mbele makubwa ambayo jike hana. Kipande cha mwisho cha kucha la kushoto kilikuwa kimepinda nje. Na kilikuwa kikisogea. Ndani ya spiriti, ambamo hakuna kinachoishi, kilikuwa kikikuna... kikikuna pale ambapo mtu angekuwa na kidevu.

Lebo ilikuwa ya penseli. Herufi ni za Baba, za Kiarabu, na ile hamza yake ya kulala. Aliandika:

*Mombasa, Mji wa Kale, kisimani nyumbani. Alhamisi, Magharibi. Dume, 1. Mkusanyaji: Taib bin Ishaq.*

Nikalia kwa sauti. Hatimaye jina lake lilikuwa mahali pake. Kisha nikageuza kichupa ili niione lebo yote, kwa sababu mstari wa mwisho ulikuwa umejikunja ukingoni.

*Msaidizi: Hanin binti Taib.*

Baba hakuwahi kumdhulumu mtu jina. Aliyeshika kamba aliandikwa, na aliyeshika taa aliandikwa. Sasa aliyenyamaza naye kaandikwa.

Kibano ninacho. Kuitoa lebo ile ni kazi ya sekunde tatu, na kuandika nyingine isiyo na mstari wa mwisho ni kazi ya dakika moja. Nimekishika kibano hicho leo mara nne, na mara nne nimekirudisha, kwa sababu namjua mtu wa mwisho aliyetoa lebo ya Baba, na najua anakaa wapi sasa.

Rahaf amepiga tena. Amesema kesho atakuja kukiona hicho kisima kwa macho yake, akishamaliza kuwapikia watoto, yaani Magharibi. Anataka asimame pale pale aliposimama mumewe. Mumewe amemwambia alifundishwa maneno ya kisimani, na ataniuliza ni nani aliyemwambia aseme aliyoyasema.

Nami nitakuwa karibu naye, chini ya ngazi, hatua mbili kutoka kisimani, na italazimu nitaje jina, kisima kikisikia.