Kamba Iliyorudi

Siku yenyewe ilianza vizuri. Shangazi yetu, mshona mapazia, alimalizia pindo la kazi ya mteja, akafunika cherehani, akaenda hadi mwisho wa mtaa ambako shemeji yake alimngoja na kamba begani. Mji wetu uko bondeni. Mlima unaanza pale lami inapoishia.

Shemeji huyo, mume wa mdogo wake, alikuwa kiongozi wa wapanda mlima. Mwaka uliotangulia alipanda na Mashoto, kitinda mimba wa kina shangazi, aliyeitwa hivyo kwa mkono wake wa kushoto. Akarudi peke yake. Alisema kamba ilisagika kwenye jiwe. Familia ikalia, ikanyamaza. Shangazi, aliyemlea Mashoto tangu anatambaa, alikigeuza mkononi kile kipande cha kamba kilichorudi. Nyuzi zilikuwa sawasawa, kama zimepitiwa na kisu. Akamwomba shemeji ampeleke kileleni akamwombee ndugu yake. Nia yake hasa ilikuwa kumbana aseme ukweli mahali ambapo mkewe hayupo wa kumtetea.

"Utachoka, shemeji," alisema yule bwana. "Huko hakuna kiti kama dukani kwako."

"Wewe tangulia. Nikichoka utanikata."

Hakucheka.

Njia ile haina huruma. Kwanza msitu, kila mzizi umelowa. Kisha changarawe, unapanda hatua unateleza mbili. Mwisho ukingo mwembamba wa mawe, korongo huku, korongo kule. Hapo shemeji alijifunga ncha ya kamba, akamfunga shangazi kiunoni, mkia wa kamba ukabaki ukiburutika nyuma. Viongozi hawapigi kelele ukingoni, maana sauti huangusha mawe. Husemezana kwa kamba. Ukivutwa mara mbili unaulizwa kama upo. Unavuta mara mbili: nipo. Asiyejibu huhesabiwa ameanguka.

Ukungu ukashuka mchana kweupe. Shangazi akabaki anaona viganja vyake tu. Kamba ya mbele ikavutwa mara mbili. Akajibu. Wakasogea. Ikavutwa tena. Akajibu.

Kisha akavutwa kwa nyuma.

Mara mbili.

Alidhani mkia umenasa. Akaupapasa. Ulikuwa umelowa, na umekaza. Ukavutwa tena, polepole, kama mtoto avutavyo gauni la mama yake. Mkono wa shangazi, uliokwisha kuzoea, ukajibu kabla hajawaza.

Mbele, shemeji alisimama.

"Uko na nani?" alinong'ona.

"Sina mtu."

"Mbona kamba nzito?"

Shangazi aliishika kamba kwa mikono miwili. "Sema ulichomfanya ndugu yangu."

Sauti ikaja kutoka mbele, ndogo.

"Alikuwa ananing'inia. Alivuta mara mbili. Akavuta tena. Nilimkata bado anauliza."

Mkia ukalegea. Kitu kikampita shangazi ubavuni, pale ambapo hapakuwa na nafasi ya kupita mtu. Kilikuwa cha baridi. Kilinuka udongo uliolowa. Hakikumgusa.

Kamba ya mbele ikavutwa mara mbili. Safari hii si yeye aliyekuwa akiulizwa.

Hakusikia yowe. Hakusikia jiwe. Kamba ilidondoka tu, nyepesi. Akaivuta. Ikaja. Ikaendelea kuja.

Alishuka kwa magoti mpaka kwenye changarawe, huku kamba yote ameikumbatia. Alipofika nyumbani, mdogo wake, mke wa shemeji, alikuwa mlangoni. Alimpokonya kamba, akatafuta ncha moja, akaitazama. Akatafuta ya pili, akaitazama. Hakuna iliyokatwa. Akaitandaza mezani, ikajaa, ikamwagika sakafuni. Iliyoondoka haikuwa ndefu hivyo. Katikati ilikuwa imeunganishwa kwa fundo lililolala kushoto, fundo ambalo mle ndani wote walimjua mfungaji wake.

"Dada," alisema mdogo mtu, "mume wangu umemwacha wapi?"

Waliopanda kumtafuta walikuta ukingo mtupu. Mdogo wake hakumsemesha tena mpaka shangazi alipozikwa.

Kamba hiyo tunayo. Imetundikwa kwenye msumari stoo, na haijakauka hadi leo. Watoto wa nyumba hii wanaruhusiwa kuingia, kuchezea vitambaa, hata cherehani. Wanafundishwa jambo moja tu: ikitikisika mara mbili, usijibu.