Tumbo la Fundi Limeamka

Fundi seremala alikuwa mtu wa kuamka na jua. Chai haijachemka, randa yake imeshaanza kupita juu ya mbao. Lakini mwaka huo alianza kupungua. Mkanda wa suruali aliutoboa tundu jipya, kisha jingine. Chooni akaona damu. Alinyamaza mwezi mzima, mpaka mkewe akagundua, akamkokota hospitali.

Daktari alimpima, akasema wazi.

"Una uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. Bahati nzuri tumeuwahi. Baada ya wiki tatu tutakupasua, tuukate."

Mke alimkumbuka shemeji yake, kaka wa Fundi, aliyepasuliwa tumbo zamani. Shemeji huyo alilala chali siku kumi bila kuinuka. Kifua kikajaa makohozi, nusura wampoteze.

Walipofika nyumbani, mke alifunga karakana.

"Baba watoto, lala. Usiinue hata kikombe."

Fundi akalala. Alipewa uji asubuhi, uji mchana, uji jioni. Akavuta sigara dirishani, maana mtu aliyelala kutwa atafanya nini?

Wiki moja baadaye waliitwa hospitali kwa maandalizi. Muuguzi alimwona Fundi akipanda ngazi chache, akihema kama mvukuto.

"Mama, umemfanya nini huyu?"

"Ninampumzisha, sista. Si anakwenda kupasuliwa?"

Muuguzi akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Nia yako njema, mama. Lakini upasuaji mkubwa unakula nguvu, na nguvu huwekwa akiba mapema. Atembee kila siku, nusu saa, kadiri anavyoweza. Ale mayai, maharage, samaki. Uji peke yake haujengi mwili. Na wewe, Fundi, sigara iishe leo. Moshi unachosha mapafu na kuchelewesha kidonda kupona."

"Hata moja?"

"Hata nusu."

Mke akauliza, "Na siku yenyewe, akae na njaa na kiu?"

"Tutawapa maelezo. Chakula ataacha saa tutakayomwambia. Maji, na kinywaji kitamu tutakachompa, wengi huruhusiwa kunywa mpaka zibaki saa mbili kabla ya kupasuliwa. Lakini fuateni ya kwenu, msifuate ya jirani. Mwenye kisukari, kwa mfano, ana utaratibu wake. Halafu baada ya kupasuliwa tutamwamsha mapema. Usije ukatupiga, mama!"

Tangu siku hiyo Fundi alitembea. Mkewe alimfuata nyuma kama askari, akinusa kama kuna moshi. Siku za kwanza Fundi alinuna kwa kukosa sigara. Baadaye akaanza kuomba chakula cha pili.

Siku ikafika. Mke alikaa kwenye benchi saa nne nzima, akikunja na kukunjua leso. Daktari alipotoka, alikuwa anatabasamu. "Tumeutoa. Yuko salama."

Lakini jioni hiyohiyo muuguzi akamwambia Fundi, "Haya, tukae kitako." Mke akaruka.

"Mnaniulia mume! Ametoka kukatwa utumbo leo!"

"Mama, nisikilize. Mtu akilala tu, damu inaweza kuganda miguuni. Mapafu nayo hayafunguki vizuri. Na utumbo umezubaa, mwili ukitembea nao unaamka. Fundi, ukiumwa sema. Dawa ya maumivu ni ya kukuwezesha uinuke. Ukikohoa, ukumbatie mto huu tumboni."

Mke akashusha pumzi. Kisha mwenyewe akamshika mumewe bega. Fundi akakaa. Aliguna, akatoa jasho, lakini akakaa.

Kesho yake walitembea ukumbini, Fundi akijikongoja, mke akisukuma chuma cha dripu. Muuguzi alimruhusu kunywa kidogokidogo, halafu kula chakula laini, huku akimwangalia kama hatapiki. Alimpa na chingamu.

"Tafuna. Tumbo litadhani chakula kinakuja, litaamka. Ukijamba, tutajua limeamka."

Fundi akatafuna kama mbuzi.

"Umeshajamba?" muuguzi aliuliza kila alipopita.

Fundi, mtu wa heshima zake, alitazama dari. "Bado, sista."

Siku ya tatu walikuwa katikati ya ukumbi. Sauti ikasikika. Fundi akasimama, macho yamemtoka. Mke akasahau haya zote.

"Sista! Amejamba! Mume wangu amejamba!"

Wodi nzima ikapiga makofi. Fundi alifunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika kwa kicheko, na maumivu ya kicheko.

Siku ya tano waliruhusiwa. Muuguzi aliwaambia, "Wiki sita asibebe kizito, mshono wa ndani bado mchanga. Akipata homa, akitapika, tumbo likijaa, au kidonda kikitoa usaha, mrudi mara moja. Msingoje kesho."

Hakuna lililotokea kati ya hayo. Baada ya wiki mbili walirudi kusikiliza majibu ya uvimbe uliopelekwa maabara. Daktari aliisoma karatasi mpaka mwisho.

"Uvimbe wote umetoka. Haukusambaa. Utakuja tukupime kila baada ya muda, lakini dawa kali za saratani huhitaji."

Mke alisema asante mara tatu. Alipofika nje, alikaa kwenye ngazi, akalia na kucheka kwa pamoja. Fundi akakaa kando yake.

"Lia tu, mama watoto," alisema. "Leo hatuna haraka."