Bamba la Mguu wa Kushoto

"Mamlaka ya Hazina za Majini inautangazia umma kwamba makoti ya wageni waalikwa wa sherehe ya kupokea dhahabu yatakuwa ya samawati iliyokoza, wala si samawati iliyofifia kama ilivyotangazwa awali."

Tangazo lilisomwa mara tatu juu ya chelezo cha uopoaji. Mita mia moja na arobaini chini yake, katika Ziwa Tanganyika, Kambare alikuwa akiipasua meli Mbalamwezi kwa mwale wa leza. Kambare alikuwa roboti mzamiaji mwenye mikono minane. Akili mnemba yake ilikadiria bei ya kila alichokigusa, kisha ikaamua: hazina ipande juu, takataka irudi topeni. Meli ilikuwa imezama miaka thelathini na minane kabla, pamoja na dhahabu, na abiria sitini ambao mkataba wa uopoaji haukuwataja.

Injinia Nyamizi, aliyemfundisha Kambare kukadiria, alihangaika kutoka skrini hii hadi ile. Baba yake alikuwa miongoni mwa wale sitini. Nyumbani walizika gogo la mgomba badala yake, kama desturi ilivyotaka. Sasa mama yake, ambaye hakuinuka tena kitandani, aliomba jambo moja tu: azikwe kando ya mume, si kando ya mgomba.

"Dada injinia, kaa," alisema Nahodha Shomvi. "Unakitikisa chelezo kuliko mawimbi."

"Nitakaa akipanda."

"Nani, Kambare au dhahabu?"

Nyamizi aligeukia skrini nyingine.

Kikapu kilipanda. Kati ya vipande vya dhahabu palikuwa na bamba la titani lenye matundu sita, la tano likiwa limekwenda upande. Nyamizi aliyajua matundu hayo. Picha ya eksirei ya mguu wa baba yake ilitundikwa dirishani utoto wake wote.

"Kambare amelifungua parafujo zote," alisema. "Lilikuwa limeshika mfupa."

"Na mfupa wenyewe?"

Akafungua kumbukumbu ya Kambare: mfupa, mguu wa kushoto, bei sifuri, umerudishwa topeni.

Mashine haikukosea. Alipoandika orodha ya bei, Nyamizi alifika kwenye mifupa akashindwa. Ampangie baba yake bei gani? Akaacha nafasi tupu. Kambare aliisoma kuwa sifuri.

"Basi msimamishe."

"Ufunguo wa kumzima anao Mkurugenzi wa Mamlaka."

Alimwandikia. Jibu lilifika baada ya dakika kumi na moja, likiwa na muhuri: bamba ni mali ya taifa; kuhusu mfupa, itaundwa kamati ya kuamua kama mtu aliyezama bado ni abiria au amekwisha kuwa sehemu ya meli; na hadi kamati itakapoketi, Kambare aendelee na kazi.