Usikiulize Kiti Kitupu

Jumamosi ile sikuwa na darasa. Jioni nilitoa baiskeli niende kununua mafuta ya mawese sokoni Kasuku, lakini kwanza nizunguke mjini. Miaka mingi nimewachorea watoto ramani ya Kindu ubaoni, na mitaa mingine sijawahi kuikanyaga.

Joëlle, binti yetu wa pekee, alikuwa kitandani na homa.

"Baba, unaniacha?"

"Lala, mama. Nitakuletea mikate ya moto."

Nilipita kando ya reli, nikashuka hadi mto Lualaba, ambako mitumbwi kutoka Lokandu ilikuwa ikishusha samaki wa moshi. Kisha nikapanda hadi mtaa wa Mikelenge. Huko nilikuta nyumba zilizochomwa wakati wa vita, kuta tupu, majani yakiota vyumbani. Mnyororo ukachomoka. Nikaurudisha, nikapanda tena. Na kama ninavyofanya kila asubuhi nikimpeleka Joëlle shuleni, nikauliza bila kufikiri:

"Umekaa?"

Nikajicheka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

"Nimekaa."

Sauti ya mwanamke...

Baiskeli ikadidimia nyuma. Harufu ya majani mabichi yanayoungua ikanifikia shingoni. Sikugeuka. Nilikanyaga tu.

"Unipeleke kwetu," akanong'ona.

"Kwenu njo wapi, mama?"

"Kwenye mutoto iko na homa."

Nikakaza mwendo kuelekea sokoni, kwenye watu.

Mama Hawa, anayeniuzia mawese, alikuwa anafunga meza yake nilipotokea sokoni. Akacheka kwa mbali.

"Mwalimu! Tairi imelala vile, umebeba nani? Umeoa wa pili?"

Nikazidi kusogea. Akakitazama kiti, na kicheko kikamwisha.

"Usishuke! Uliuliza kiti kitupu?"

Nikaitika kwa kichwa, nikimzunguka polepole nisisimame.

"Sisi tunapapasaka kiti kwanza, njo tunauliza. Wakati ya vita kulikuwa mama mumoja, risasi ilimupata sokoni. Wakamupandisha kwa kinga, baiskeli kama hii yako, wamupeleke hopitali. Yeye akalia: munirudishe nyumbani, mutoto iko na homa, iko peke yake. Mwenye kinga akasikia bunduki tena, akatupa kinga kule Mikelenge, akakimbia."

"Na mtoto?"

"Nani angerudi kuangalia?" Alianza kutembea kando yangu, akinong'ona. "Usiende kwako, Mwalimu. Pale utatia muguu chini, njo pale atashuka."

Nikaondoka. Nilizunguka mji wangu wote jioni ile. Nilipita uwanja wa ndege, nikapita msikiti watu wakitawadha, nikapita mitaa nisiyoijua majina. Kila nilipokaribia kuchoka, pumzi yake ilinipiga shingoni.

"Karibu tufike?"

"Bado, mama."

"Analia. Sikia..."

Mwisho nilirudi mtoni. Niliamua kuitupa baiskeli majini, pamoja naye. Niliruka chini, nikaikamata nyuma, nikainua.

Ilikuwa nyepesi.

Nyuma hapakuwa na mtu. Nikajiuliza alishuka wapi. Kisha nikakumbuka kona moja, mbuzi alipokatiza mbele yangu. Nilikuwa nimetia mguu chini. Kidogo tu. Ile ilikuwa kona ya nyumba yangu; kwa uchovu, miguu ilikuwa imefuata njia iliyoizoea.

Nilikimbia.

Mke wangu, Euphrasie, alikuwa mlangoni. Ametulia.

"Homa imekwisha," alisema. "Yule mama ulimutuma iko na mikono ya baridi sana. Alimupapasa mutoto, mutoto akalala."

"Sikumtuma mtu! Yuko wapi?"

"Alitoka sasa hivi. Alisema kesho jioni atarudi kukamata mutoto wake. Nilizani anakosea maneno."

Nikaingia. Joëlle alikuwa ameketi kitandani, macho wazi. Alimtazama Euphrasie kwa adabu, kama anavyowatazama wageni.

"Shikamoo, mama. Wewe ni nani?"

Tangu siku ile, padri amekuja, na shehe wa jirani amekuja. Wameomba, wametupa pole, wameondoka. Mchana Joëlle anakula vizuri na anacheza peke yake. Jioni, jua likigusa paa, anainuka na kwenda mlangoni.

"Mama amefika," anasema.

Mimi hushika mkono mmoja, Euphrasie mwingine, hadi giza liingie. Anavuta kuelekea Mikelenge, mtoto mdogo vile. Kila jioni anavuta zaidi. Jana Euphrasie aliteleza.