Bakuli la Bonge

Mtoto wa shangazi alikuwa anaharisha, na kila dawa iliyonunuliwa ilikuwa imeshindwa. Alikuwa wa mwaka mmoja na nusu, mashavu yamejaa mpaka macho yanabanwa, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Bonge. Sasa jina lilimpwaya kama nguo ya mtu mwingine. Akinywa maji, yanatoka. Akinywa uji, unatoka. Alilia bila machozi, na kilio chenyewe kilikuwa chembamba kama cha paka.

Mtu mmoja tu katika nyumba ile alihisi ugonjwa umetoka wapi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na alikuwa amefunga mdomo.

Msichana huyo aliletwa kwa shangazi yake baada ya mama yake kupata kazi mbali, kwenye nyumba ya watu wasiotaka mfanyakazi mwenye mtoto. Mama alipiga simu Jumapili, tena si kila Jumapili. "Unakula? Unasoma?" Naye alijibu, "Ndiyo, mama. Ndiyo." Kisha salio lilikwisha.

Shangazi alifuga bata mzinga na kuwauzia wenye hoteli. Hakuwa mkali, ila alikuwa mtu wa kazi; akimaliza bandani anaingia jikoni, akitoka jikoni anaanza kufua. Kuongea naye ilibidi umkimbilie. Na shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kila asubuhi msichana alivaa mabuti, akafagia banda, akabadilisha maranda na kujaza maji, ndipo akaoga na kwenda shule. Sabuni haikuimaliza harufu yote.

"Mzinga, leo umetaga mangapi?" aliuliza kijana wa dawati la nyuma, na darasa likacheka. Wengine walivuta shingo na kulia gulu-gulu-gulu akipita. Akajifunza kula chakula chake nyuma ya stoo ya madawati, peke yake, akiutazama ukuta.

Basi rafiki alimpata bandani.

Kifaranga wa bata mzinga ana akili nzito. Anaweza kufa kwa kiu huku maji yako mbele ya miguu yake. Lazima umshike, umchovye mdomo majini, umwache ameze, umchovye tena, mpaka aelewe. Shangazi alimpa msichana kazi hiyo, naye aliiweza. Wote walielewa, isipokuwa mmoja. Huyo alisimama pembeni, manyoya yamevimba, mbawa zimeshuka, kinyesi chake cha majimaji kimemgandia nyuma.

Msichana alijua sheria ya shangazi. Ndege akizubaa, anatolewa siku hiyo hiyo na kuteketezwa. "Banda langu si hospitali," shangazi alikuwa akisema. "Nikimwonea huruma mmoja, nitawalilia wote."

Lakini kifaranga yule alimtazama. Alisimama peke yake, wenzake wote wamempa mgongo. Msichana alimficha ndani ya sweta, akamwingiza ndani na kumweka kwenye kapu chini ya meza ya jikoni, nyuma ya gunia la mkaa. Akamwita Mwenzangu.

Alihitaji chombo kifupi cha kumchovyea mdomo. Vikombe vilikuwa virefu, sahani zilikuwa bapa mno. Kilichofaa kilikuwa bakuli dogo la plastiki, la bluu, ambalo Bonge alinyweshewa uji. Akalitumia. Kila alipomaliza alilisuuza kwa maji ya baridi, akalirudisha kwenye rafu.

Mwenzangu akapona, au alionekana kupona. Msichana akipiga mluzi mdogo, kifaranga alitoka nyuma ya gunia akija mbio, miguu inapishana, anakaribia kuanguka. Msichana alimweleza ya shuleni, ya mama na ya kijana wa dawati la nyuma. Kifaranga aliinamisha kichwa upande kama mtu anayefikiria jibu. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu yeyote amsikilize namna hiyo.

Kisha Bonge akaanza kuharisha.

Mwanzoni shangazi alisema ni meno. Halafu akasema ni maji ya bomba, akazidisha dawa ya kuyasafisha. Mwishowe alimbeba mgongoni wakaenda kituo cha afya, msichana akifuata nyuma na mfuko wa nepi.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye miwani, sauti yake imekauka kwa kuongea kutwa. Alifinya ngozi ya tumbo la Bonge. Ngozi ilibaki imesimama.

"Maji yamemwisha mwilini," alisema. "Tutamlaza, tumwongezee. Lakini lazima nijue ninapigana na nini. Choo chake tumekipima na hatukuona kitu. Nyumbani mnafuga?"

"Bata mzinga," shangazi alijibu. "Ila banda liko nyuma, na hakuna ndege anayekanyaga ndani kwangu, daktari. Mabuti yenyewe tunayaacha mlangoni."

"Hakuna kabisa?"

"Mimi si mtu wa kulala na ndege."

"Basi hilo tuliache," daktari alisema, na akaanza kuandika.

Msichana aliitazama ile kalamu ikienda. Akisema, Mwenzangu atakufa leo. Asiposema, daktari atapigana na kitu kingine. Bonge alikuwa amelala kitandani, mdomo wazi, ulimi umekauka mweupe. Hakuwa na nguvu hata ya kumfukuza nzi.

"Yuko mmoja anayeingia," msichana alisema.

Kalamu ikasimama. Shangazi aligeuka polepole.

"Unasemaje?"

"Nilimficha jikoni, shangazi. Alikuwa anaharisha. Nilimnywesha kwa bakuli la Bonge." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alimalizia. "Nililisuuza tu. Sikuliosha kwa sabuni."

Daktari alikuwa wa kwanza kusema.

"Asante, binti. Umenionyesha njia." Akamgeukia shangazi. "Kuna vimelea vinavyoishi utumboni mwa ndege hawa. Ni vidogo, jicho halivioni, na kipimo cha kawaida huvipita. Mpimaji ni lazima aambiwe avitafute. Vinatoka kwenye kinyesi cha ndege, vinaingia kwa mtu kupitia mikono, chombo au maji. Mtu mzima anaweza kuumwa tumbo kidogo na likapita. Mtoto mdogo vinamkausha."

"Maji nayatia dawa kila siku," shangazi alisema kwa sauti ya chini.

"Dawa hiyo haiviui. Chemsha maji mpaka yatokote. Na vyombo vya mtoto vioshwe kwa sabuni, halafu vichemshwe."

Kipimo kiliporudiwa, vimelea vilionekana. Bonge akapewa dawa inayovihusu, akanyweshwa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo. Ilichukua muda, lakini asubuhi moja alilia kwa machozi, na shangazi akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna nini.

Nyumbani alikuja bwana mifugo. Alipima kinyesi cha banda la vifaranga akakuta ugonjwa ni ule ule. Mwenzangu alikuwa ametoka nao humo. "Wengine wangeweza kupona," alisema. "Lakini huku mna mtoto mdogo. Mimi nisingethubutu kuwaacha."

Shangazi alikubali kwa kichwa. Msichana alikwenda jikoni, akapiga mluzi. Kifaranga akaja mbio. Alimbeba mwenyewe mpaka nyuma ya nyumba, akamkabidhi kwa bwana mifugo.

Baadaye shangazi alimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango. Akaweka ndoo chini, akaketi pembeni yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana.

"Nina hasira na wewe," alisema. "Nisikudanganye. Ulijua sheria, ukaificha hatari chini ya meza yangu. Ugonjwa ukifichwa unapata muda wa kula watu. Umenielewa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Lakini ulisema ulipotakiwa kusema, na ukamsema rafiki yako. Bila hivyo mwanangu tungekuwa tumemzika. Hilo sitalisahau." Akajifuta mikono kwenye khanga. "Na siku nyingine ukikosa mtu wa kuongea naye, njoo kwangu. Mimi nina mdomo mkubwa. Nitakujibu hata usipotaka."

Msichana alitabasamu kidogo. Kisha wakanyanyuka, wakamwaga maji ya moto na sabuni kwenye banda tupu la vifaranga.

Hivi ndivyo vilivyopotea. Vifaranga ishirini na mmoja. Maranda yote, yalichomwa. Kapu moja. Bakuli moja la bluu. Kilo mbili na nusu za Bonge, ambazo bado hazijarudi zote. Na mmoja aliyekuwa akija mbio akipigiwa mluzi, ambaye msichana hakumhesabu pamoja na wale ishirini na mmoja.